Nani Alikupa Ruhusa ya Kuonja?

Desemba 1922, Hoteli ya Stanley hapa Nairobi ilipokea bia za kwanza kutoka kwa kampuni changa iliyoitwa Kenya Breweries. Waanzilishi walikuwa ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, na bia ilitoka Ruaraka, pale pale ambapo hadi leo ukipita Thika Road asubuhi unapigwa na harufu ya kimea. Kilichofuata unakijua hata kama hujawahi kukisoma, maana kimechorwa kwenye chupa. Mwaka 1923 George alienda kuwinda, ndovu akamuua, na bia ikapewa jina la ndovu dume mwenye pembe ndefu. Tusker. (Ukimwonyesha mzee wa Kilifi chupa ile ukamwambia kuna tembo juu na tembo ndani, hatashangaa. Kwao tembo ni mnyama na tembo ni mnazi, na mgema akisifiwa hulitia maji.)

Hiyo ndiyo hadithi tunayopenda kusimulia kwa baa. Kuna nyingine fupi zaidi ambayo husimuliwa mara chache: Mwafrika yeyote aliyeshusha kreti zile Stanley hakuruhusiwa na sheria kufungua hata chupa moja. Bia ya chupa haikuwa yake. Angesubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndipo serikali ya kikoloni imruhusu kununua kinywaji ambacho shayiri yake ililimwa hapa, maji yake yalitoka hapa, na mikono iliyokipakia ilikuwa yake.

Naianza hapa kwa sababu kwa muda mrefu nimeamini kwamba historia ya bia nchini ni historia ya ladha, na siku hizi siamini tena. Ni historia ya ruhusa. Nani anywe nini, akikaa wapi, na akina nani, hadi saa ngapi. Ladha huja baadaye, ikiwa ina bahati.

Kilichonifanya nifikirie hivyo ni Krismasi ya 2020.

Unaikumbuka. Baa zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Julai, Rais akapiga marufuku hata uuzaji wa pombe kwenye mikahawa, na ghafla watu wakaanza kuagiza sosej mbili na "soda" kwenye kikombe cha chai. Mwisho wa Septemba baa zikafunguliwa. Novemba nafasi ikabanwa tena: baa zifungwe saa tatu usiku, kafyu ianze saa nne, amri idumu hadi tarehe 3 Januari 2021. Yaani Krismasi nzima na mwaka mpya ndani ya amri. Duka moja dogo la bia za krafti, upande wa Kilimani, likaamua kwamba kama watu hawawezi kuja, bia itawafuata. Wakatangaza usiku wa kuonja kwa mtandao. Unalipa kwa M-Pesa, mwanaboda anakuletea katoni yenye chupa sita zilizobandikwa namba, na maagizo: usifungue kabla ya saa moja.

Kwa wasiojua, bia ya krafti ni ile inayopikwa kidogo kidogo katika kiwanda kidogo, matangi machache, na mpishi anayeweza kukueleza kila kilichoingia humo. Hapa Nairobi mtindo huo si mgeni sana. Brew Bistro ya Ngong Road ilikuwa inapika bia yake yenyewe zaidi ya miaka kumi iliyopita, na wengine wakafuata. Lakini wengi wetu tulikua tukijua swali moja tu la kuhusu bia: baridi ama moto?

Basi tukakaa, madirisha kama ishirini kwenye skrini, kila mtu na glasi yake na njugu zake. Mwenyeji alikuwa kijana mpole, mwenye ndevu na subira ya mwalimu wa chekechea. Alitufundisha kuinua glasi kwenye taa, kunusa kabla ya kunywa, kupiga funda dogo na kungoja. Namba moja, laga nyepesi. Namba mbili, bia ya ngano, yenye ukungu kama maji ya mto baada ya mvua. Akatuambia tusiogope ule ukungu, ni hamira, bia iko hai. Namba tatu, IPA, chungu kweli kweli. Akatueleza kwamba Waingereza walizidisha hopsi kwenye bia waliyosafirisha kwenda India ili ivumilie bahari. Nikawaza: kwa hiyo hapa Nairobi tunalipa pesa nzuri kunywa bia iliyopata jina kwa kukata kiu ya wakoloni wa mahali pengine. Sawa tu, nikaimaliza. Namba nne ilikuwa na asali, namba tano stauti nyeusi, na namba sita ndiyo ya sikukuu yenyewe, imetiwa mdalasini na tangawizi. Ilionja kama chai ya masala iliyokasirika, na nasema hivyo kwa upendo.

Ilikuwa kwenye namba mbili ndipo jambo likatokea. Mmoja wetu alikuwa ameshafika ocha, Bungoma, amebeba katoni yake kwenye basi kama mayai. Alikuwa amekaa sebuleni kwao. Nyuma yake akapita nyanya yake, akasimama, akatutazama sote kwenye laptopu.

"Na hawa wanakunywa na nani?" akauliza.

"Habari yako, shosho," mwenyeji akamjibu, kwa adabu. "Tunakunywa pamoja. Kila mtu na chupa yake."

"Kila mtu na yake," kukhu akarudia polepole. "Sasa hiyo ni pamoja?"

Tukacheka. Mjukuu, kwa aibu, akazima maiki. Mwenyeji akaendelea na namba tatu. Mimi nikabaki kwenye namba mbili.

Kwa sababu kukhu alikuwa anauliza swali la kitaalamu. Kule kwao, kwa Wabukusu, na kwa majirani zao Wateso, bia ilikuwa na umbo: chungu kimoja katikati, mirija mirefu, watu wamekaa duara. Haikuwa lazima mtu aseme "tuko pamoja". Chungu kilikuwa kimeshasema. Umbo hilo ni la kale kuliko tunavyodhani. Kuna michoro ya Mesopotamia, ya maelfu ya miaka iliyopita, inayoonyesha watu wamezunguka mtungi wakinyonya bia kwa mirija mirefu vile vile. Hao na wazee wa Bungoma hawakuwahi kukutana. Nafaka ikichachuliwa bila kuchujwa huacha makapi juu, na mrija unapita chini ya makapi. Tatizo moja, jibu moja.

Na busaa yenyewe, hebu tuiangalie kama mwenyeji wetu alivyotufundisha kuiangalia bia. Unga wa mahindi unakandwa na maji na kuvundikwa siku kadhaa hadi uchachuke. Halafu unakaangwa juu ya bati kubwa kwenye moto wa kuni, ukigeuzwa geuzwa, hadi uwe kahawia na utoe harufu ya mkate uliokaribia kuungua. Hapo ndipo rangi na nusu ya ladha inapotoka. Pembeni, wimbi limelowekwa, likaota, likaanikwa, likasagwa: hicho ndicho kimea, na bila kimea huna bia, una uji tu. Unachanganya na maji, unafunika, unangoja siku mbili tatu. Inatoka nzito, chachu, na ina ukungu kuliko bia yoyote ya ngano. Nafaka ya hapa, kiasi kidogo, haina kemikali, iko hai. Kila sifa ambayo duka la Kilimani liliandika kwenye kijikaratasi cha namba mbili, mama mmoja anayepika busaa nyuma ya nyumba anayo tayari. Anachokosa ni kijikaratasi.

Lakini sitaki kukuuzia chungu kama pepo. Chungu nacho kilikuwa na bawabu wake. Wanawake walipika, wazee walikaa mbele. Kijana asiyeoa hangejitokeza tu na mrija wake. Kwa Wakikuyu muratina, ile ya asali au miwa iliyochachuliwa kwa tunda la mti wenye jina hilo hilo, ilikuwa ya wazee na ya shughuli: mahari, matambiko, usuluhishi. Ruhusa haikuletwa na meli. Tofauti ni kwamba ruhusa ya chungu ilikuwa na mlango: ukikua, ukioa, ukiheshimika, unaingia. Ile iliyokuja baadaye haikuwa na mlango wa kukua. Ungeweza kufa na mvi zako bado ukiitwa boi.

Serikali ya kikoloni ilipotazama pombe ya Mwafrika iliona vitu viwili kwa wakati mmoja, hatari na pesa, na ikabuni njia ya kushika vyote. Mfano ulitoka Durban, Afrika Kusini, ambako sheria ya 1908 ililipa baraza la mji haki ya peke yake ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya nafaka. Nairobi ikaiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati ule ule ndugu wa Hurst wanaanza Ruaraka, baraza la mji lilifungua ukumbi wake wa bia Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika. Pombe ya kienyeji ingepikwa na baraza, inywewe kwenye ukumbi wa baraza, saa zilizopangwa na baraza, na faida iende kwenye mfuko wa kuwahudumia Waafrika. Soma hapo tena. Mtu alinywa ili alipiwe huduma ambazo walipa kodi wengine wa mji walizipata bila kulewa.

Na aliyeumia ni yule aliyekuwa akipika. Nairobi ile ya mwanzo ilikuwa na wanawake waliofika peke yao, wakajenga au kupanga vyumba, wakaishi kwa kukodisha, kwa biashara ndogo ndogo, na kwa pombe. Kwao pipa la pombe lilikuwa ndilo benki. Ukumbi ulipofunguliwa, walichokuwa wakifanya jana kikawa kosa leo. Kinywaji kilikuwa kile kile; kilichobadilika ni mkono ulioshika kata. Misako ikaanza, mapipa yakamwagwa mitaroni, na mchezo huo wa paka na panya haujaisha. Waliofukuza walibadilisha sare tu.

Bia ya chupa ilipofunguliwa kwa Waafrika baada ya vita, haikupokelewa kama kinywaji tu. Ilikuwa cheti. Kushika chupa ya kahawia hadharani, kwa mkono wako, kwa pesa yako, kulisema jambo ambalo pasi ya kipande ilikataa kusema. Nadhani ndiyo sababu baba zetu na babu zetu walikunywa laga kwa uaminifu wa kidini na kuiona busaa kama jambo la kushoto, la vijijini, la watu wasiofika. Hata leo nenda harusini uone nani anapewa kreti na nani anaelekezwa nyuma ya nyumba.

Uhuru ulikuja na haukumfikia mpishi. Mwaka 1980, chini ya Moi, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na kwa miaka thelathini kupika au hata kupatikana nayo kulikuwa jela. Haikuisha, bila shaka. Ilihamia gizani, kwa mama pima, na gizani hakuna anayekagua chochote. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa hapa Nairobi kwa kunywa "kumi kumi" iliyotiwa methanoli, wengine walipofuka. Kwa hiyo sitasimama hapa kukuambia kwamba kila udhibiti ni ukoloni. Mtu aliyempoteza ndugu kwa kikombe cha shilingi kumi hana muda na nadharia yangu. Ninachosema ni hiki: methanoli ni balaa la pombe kali iliyoghushiwa, ile ya kuongezewa kemikali za kiwandani ili ipige haraka. Busaa haikeneki. Inachachuka tu, kama uji wa jana. Lakini kwenye habari za saa moja vyote hupangwa mstari mmoja na kuitwa pombe haramu, na chifu akivamia boma, karao hatofautishi pipa na pipa.

Mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya kudhibiti vileo, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Watu wanaikumbuka kwa saa: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, mwisho saa tano usiku. Kilichosahaulika ni kwamba ndiyo iliyofuta marufuku ya chang'aa ya 1980. Kisheria ukaweza kuipika, mradi uwe na leseni, ufikie viwango, uweke kwenye chupa na lebo. Mlango ulifunguliwa, lakini uliwekwa ghorofani. Mama wa Mathare au wa Webuye atoe wapi pesa ya mashine ya kujaza chupa?

Kabla ya hapo, 2004, kampuni kubwa ilikuwa imezindua Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyopewa nafuu ya kodi kwa hoja kwamba ingewatoa watu kwenye chang'aa, na baadaye ikawapa soko wakulima wa mtama. Ilifaulu, nenda kwa kibanda chochote cha keg uone. Sina ubaya nayo. Ila tazama mpangilio: serikali ilipotaka maskini wanywe bia salama ya nafaka ya hapa, aliyesamehewa kodi alikuwa kiwanda.

Turudi Kilimani. Usiku ule wa Desemba, tukiwa kwenye namba sita, midomo imeshalegea, nikamuuliza mwenyeji kama angeweza kuuza busaa dukani kwake. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alisema ameifikiria mara nyingi, na kwamba kwake leseni, alama ya ubora na stempu za ushuru si shida kubwa, hizo ameshazizoea. Shida ni kwamba busaa haisubiri. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa ni siki. Ukiifungia kwenye chupa inaendelea kuchachuka hadi chupa ipasuke. Ukiichemsha ili itulie, umeiua. "Ni bia ya kumfuata," akasema. "Haikufuati."

Jibu hilo nililipenda kuliko bia zote sita, lakini lilinisumbua pia. Maana lilinionyesha kwamba kile kilichofanya usiku wetu uwezekane, chupa iliyofungwa, inayosafirika, yenye lebo, ndicho kile kile ambacho sheria imekuwa ikikidai kwa mpishi tangu zamani. Sisi madirisha ishirini tuliweza kuonja kwa mbali katikati ya kafyu kwa sababu tulikuwa watu wa chupa. Krismasi ile ile, wanywaji wa chungu hawakuwa na namna. Duara la mirija ndilo jambo la kwanza corona iliharamisha, na hakuna programu ya simu iliyoweza kulirudisha.

Na sasa hata chupa imeanza kuulizwa kitambulisho. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya. Inapendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe mtandaoni wala kuletwa nyumbani. Sera si sheria, na mtandaoni vijana waliipokea vile unavyojua vijana wa mtandaoni hupokea vitu. Ikipita kama ilivyo, duka kama lile la Kilimani halitaweza kurudia usiku ule, na boksi langu la chupa sita litakuwa kosa la kumponza mwanaboda. Wenye duka watapata wakili, watapata kikao, watasikilizwa walau na mtu mmoja mwenye tai. Miaka mia moja baada ya ukumbi wa Pumwani, mpishi wa busaa hajawahi kuitwa kwenye kikao cha aina hiyo isipokuwa kama mshtakiwa.

Yule rafiki wa Bungoma aliniambia baadaye kwamba zile chupa zilizobaki alimwonjesha kukhu, zote. Ya asali aliikubali. IPA aliirudisha kwenye glasi. Ya ngano aliinua kwenye taa, kama alivyotuona tukifanya, akatazama ukungu wake kwa muda mrefu, akauliza inauzwa pesa ngapi. Alipoambiwa, akaomba aambiwe tena.